Gari linaposhuka, gharama hupanda wapi?

Mteja anayeingia katika duka la spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, akitafuta springi za kushushia gari lake, kwa kawaida huanza na swali moja tu: bei gani? Swali ni halali, lakini kwa bidhaa hii linakuja mapema mno. Kifaa kinachoonekana nafuu kaunta kinaweza kuwa ghali kuliko vyote kabla mwaka haujaisha, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama zake haiandikwi kwenye risiti. Inajitokeza baadaye kwenye matairi, bushi, alaimenti, na siku gari litakapotafutiwa mnunuzi.

Wiki hii tunaitazama bidhaa hiyo kwa macho ya watu wawili. Wa kwanza ni mwenye gari aliyekwisha kuamua kulishusha na anataka fedha zake zitoke mara moja. Wa pili ni mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuweka mtaji katika springi na shokapu za aina hii, baada ya kuona vijana wenye Altezza, Mark X na Subaru Impreza wakizihangaikia. Hatuulizi kama ni busara kushusha gari. Huo ni uamuzi wa mwenye mali.

SPRINGI HUBEBA, SHOKAPU HUTULIZA

Kosa la kwanza sokoni ni kuchanganya kazi za vifaa viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na ndiyo inayoamua gari likae juu au chini. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya gari kupita shimo au tuta. Kwa hiyo mtu akikuambia atalishusha gari lako kwa kubadilisha shokapu za kawaida peke yake, ujue mmoja wenu hajaelewa.

Sasa tuone nafasi. Kila gurudumu lina nafasi ya kupanda juu kabla shokapu haijafika kwenye raba ya kugotea. Tuseme kwa gari lako nafasi hiyo ni milimita 80, na kila springi ya nyuma, ikipimwa pale penye gurudumu, hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 2. Pakia nyuma abiria na mizigo yenye kilo 200. Springi mbili zinagawana mzigo, kilo 100 kila moja, na gari linashuka milimita 50. Bado una milimita 30 za kupokea matuta.

Lishushe gari hilo hilo milimita 40, kwa springi zilizo ngumu zaidi kwa asilimia 30. Nafasi imebaki milimita 40. Mzigo ule ule wa kilo 200 sasa unakula milimita 38. Umebakiwa na milimita 2. Maana yake ni kwamba gari limekaa juu ya raba kabla halijaondoka kituoni, na tuta la kwanza litapokelewa na raba, shokapu na bodi yenyewe. Mwenye gari atalalamika kuwa springi ni ngumu. Si springi inayompiga mgongo, ni raba ya kugotea.

Mambo huwa mabaya zaidi mwendo ukiongezeka, kwa kuwa nguvu ambayo springi inaweza kuimeza hupanda kwa mraba wa nafasi iliyonayo. Ukiacha mchango wa shokapu, springi iliyopewa nusu ya nafasi inapaswa kuwa na ugumu mara 4 ili ipokee pigo lile lile bila kugota. Hakuna anayekuuzia springi ya namna hiyo kwa gari la barabarani, na ungepewa usingeipenda. Ndiyo sababu milimita 25 na milimita 45, ambazo zikisemwa kaunta husikika kama vitu vinavyokaribiana, zina tofauti kubwa barabarani. Kwa anayeendesha teksi au anayebeba familia ya watu watano kila Jumamosi, tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe.

NJIA YA MSUMENO

Njia inayotangazwa kuwa ya bure ni kukata springi. Fundi anachukua msumeno au jiwe la kukatia, anaondoa mzunguko mmoja au miwili, gari linashuka siku hiyo hiyo na mteja analipa ufundi tu. Kitu ambacho mteja haelezwi ni kwamba springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na ikikatwa miwili kwa asilimia 50, wakati shokapu imebaki ile ile iliyotengenezwa kwa springi laini. Shokapu inazidiwa. Gari linadunda.

Kuna la hatari zaidi. Ncha ya springi imetengenezwa ikae sawasawa kwenye kikalio chake. Ikikatwa, umbo hilo linapotea, na kwa kuwa springi imekuwa fupi wakati shokapu ina urefu wake wa zamani, gurudumu likining'inia springi inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Japani, ambako kushusha gari ni jambo la kawaida, springi inayolegea namna hiyo gari likiinuliwa haipiti ukaguzi. Mafundi wengine hawakati bali wanaipasha springi moto wa gesi mpaka ilale. Hao wanaharibu ugumu wa chuma chenyewe, na springi ya namna hiyo huendelea kulala au hukatika bila kutoa taarifa.

Mwandishi wa makala hii anaijua njia hiyo kwa fedha yake mwenyewe. Alinunua Altezza iliyokwisha kushushwa, yenye bei iliyoonekana nzuri, kutoka kwa mtu aliyesema springi ni "za michezo". Katika mwezi wa nne matairi ya mbele yalikuwa yametokeza waya upande wa ndani, huku upande wa nje ukiwa na vidole vizuri kabisa. Fundi wa pili aliinua gari, akaingiza mkono, akacheka kidogo. "Mdogo wangu," alisema, "hii haikununuliwa dukani. Hii imekatwa." Springi nne, shokapu mbili na matairi mawili baadaye, lile punguzo la bei lilikuwa limekwisha kurudi lilikotoka, na nyongeza juu.

SPRINGI FUPI ZA KIWANDANI

Hatua inayofuata ni springi zilizotengenezwa fupi tangu kiwandani. Eibach na H&R za Ujerumani, Tein, RS-R na Tanabe za Japani, wote wanazo. Nyingi hushusha gari kati ya milimita 20 na 40 na huwa ngumu kiasi kuliko za asili. Baadhi zina mizunguko iliyobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, ili ziwe laini kwa vijishimo vidogo na ngumu zaidi mzigo ukiongezeka.

Hizi ni ununuzi wa busara kwa mwenye gari wa kawaida, kwa sharti moja ambalo wauzaji hulipita haraka: hali ya shokapu. Kuweka springi mpya juu ya shokapu zilizotembea miaka 12 ni kuhamishia fedha zako kwenye kifaa kilichokwisha. Shokapu hizo zinaweza zisionyeshe mafuta kwa nje na bado zikawa hazina nguvu ya kuituliza springi ngumu zaidi. Tena zitakuwa zinafanya kazi katika sehemu ya chini ya mwendo wake, karibu na raba. Anayeweza, anunue springi na shokapu pamoja, zilizopangwa kufanya kazi pamoja. KYB ya Japani, Bilstein ya Ujerumani na Koni yenye asili ya Uholanzi wanatengeneza shokapu zinazofaa magari yaliyoshushwa. Ufundi wa kufungua na kufunga unalipwa mara moja, na hilo peke yake ni akiba, kwa sababu anayeweka springi leo na shokapu baada ya miezi sita analipia kazi ile ile mara mbili.

KOILOVA, NA NAMBA ZINAZODANGANYA

Koilova ni shokapu na springi zilizounganishwa zikiwa na uzi wa kupandisha na kushusha. Ndiyo bidhaa inayotafutwa zaidi na vijana na ndiyo yenye faida kubwa kwa seti. Ni vyema kujua kwamba zipo za aina mbili. Katika aina ya kwanza, ukitaka kushusha gari unazungusha kikalio cha springi kishuke, na hapo unapunguza pia nafasi ya shokapu, sawa na kwa springi fupi. Ukizidisha, springi inaweza kulegea. Katika aina ya pili mguu wa chini wa shokapu ndio unaozungushwa, kwa hiyo gari linashuka bila kuigusa springi wala kupunguza mwendo wa shokapu. Aina hii ya pili ni ghali zaidi, na kwa barabara zetu tofauti ya bei inajieleza yenyewe. Hata hivyo mwendo uliobaki ndani ya shokapu hausaidii kitu ikiwa tairi linagusa bodi kwanza.

Ugumu wa springi za koilova huandikwa kwa kilo kwa milimita, kwa mfano 8 mbele na 6 nyuma. Wateja hulinganisha namba hizo kama wanavyolinganisha bei ya sukari, na hapo ndipo wanapopotea. Impreza kwa mbele inatumia mfumo wa MacPherson, ambamo springi imekaa karibu kabisa na gurudumu, na namba unayosoma inakaribia ile inayofika barabarani. Altezza inatumia mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi inausukuma mkono sehemu ya ndani. Springi ikitembea milimita 7 wakati gurudumu linatembea 10, basi uwiano ni 0.7, na ugumu unaofika kwenye gurudumu ni 0.7 mara 0.7, yaani 0.49 ya namba iliyoandikwa. Springi ya 8 inakuwa kama ya 4. Kwa hiyo mtu anayesema "rafiki yangu ana 8 na gari lake ni laini" anaweza kuwa anasema kweli, na wewe ukiweka 8 hiyo hiyo kwenye Impreza ukajuta.

Mfumo wa mifuko ya hewa upo pia, unapandisha gari penye tuta na kulishusha penye maegesho. Ni mzuri kuutazama. Una pampu, mabomba, mtungi na vali, na kila kimoja ni mlango wa kuvujia. Kwa mwekezaji mdogo tunauacha hapo.

GHARAMA ZISIZO KWENYE RISITI

Gari likishuka, magurudumu hubadili mkao. Kwa magari mengi hulala kwa ndani juu, na muhimu zaidi, ncha za mbele za matairi hufunguka au kufungana. Watu hulaumu kule kulala, lakini linalokula tairi haraka ni kufunguka. Alaimenti kwa hiyo si ya hiari. Ipigwe baada ya kufunga, na irudiwe baada ya kilomita mia chache springi zikishakaa vizuri. Magari mengine hayana sehemu ya kurekebisha kulala kwa gurudumu, hivyo huhitaji bolti maalum au mikono inayorekebishika. Ulizia hilo kabla ya kulipia springi.

Jambo lingine ambalo gereji nyingi hulikosea ni kukaza bolti za mikono ya chini gari likiwa bado limeinuliwa. Bushi za raba hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa zikiwa zinaning'inia, gari likishushwa chini raba hujikunja, na baada ya miezi michache inachanika. Mwenye gari ataambiwa "springi zimeua bushi." Zimeuliwa na spana.

Taa za mbele nazo zirekebishwe, maana gari lililoshuka mbele tu linamulika miguuni pake.

Halafu kuna bima. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu kamili, maana yake mwenye gari ana wajibu wa kumweleza mtoa bima mabadiliko yanayoweza kuathiri hatari anayoibeba. Anayenyamaza anampa mtoa bima sababu ya kubishana naye siku ya ajali. Barua ya ukurasa mmoja ni nafuu kuliko kesi. Ujerumani vifaa hivi huuzwa na hati ya uidhinishaji, na Japani kanuni inataka gari libaki na walau sentimita 9 kutoka ardhini. Mwenye gari wa huku anaweza kuichukua namba hiyo kama kipimo cha chini kabisa, akikumbuka kwamba barabara za Japani si barabara za Mbagala.

Kwa upande wa kuuza, gari lililoshushwa hupunguza idadi ya wanunuzi. Wanaolitaka wanalitaka sana, lakini ni wachache, na mzazi anayemtafutia binti yake gari la kwendea kazini hayumo. Dawa yake ni rahisi na karibu kila mtu huisahau: springi na shokapu za asili zisiuzwe kwa bei ya vyuma chakavu. Zifungwe, ziandikwe mbele na nyuma, ziwekwe stoo. Siku ya kuuza zinarudishwa, na koilova zinauzwa peke yake kwa mteja mwingine.

MTAJI WA MFANYABIASHARA

Tuje sasa kwa anayetaka kuweka fedha. Koilova za mtumba kutoka Japani zinavutia kwa sababu bei ya kununulia iko chini sana ya mpya. Tuchukue namba za mfano. Umenunua seti 10 kwa shilingi 400,000 kila moja pamoja na usafiri na ushuru, jumla shilingi 4,000,000. Unauza kila seti kwa 550,000. Zikiuzwa zote umepata faida ya 1,500,000. Lakini ikiwa seti 4 haziuziki, umeingiza 3,300,000 na umepoteza 700,000. Ni lazima uuze 8 ili uanze kuona faida.

Je, seti 4 kati ya 10 kukwama ni jambo la kufikirika? Kwa mtumba, ndiyo. Moja inakuja bila vikalio vya juu. Nyingine imechanganywa, mbele za gari hili na nyuma za lile. Nyingine ilitumika mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na uzi wake umeshikana na kutu kiasi kwamba haupandi wala haushuki. Ya nne inavuja, na kifaa cha kuikarabati hakipatikani hapa. Kijana mmoja ninayemfahamu aliweka mkopo wa kikundi chake katika mzigo wa namna hii, akiwa ameona picha tu. Wanachama wenzake bado wanamsubiri, na seti zilizobaki ziko chini ya kitanda.

Anayenunua kwa mkono wake akague hivi. Azungushe pete za uzi kwa mkono au spana yake, kila moja. Autazame mti wa shokapu kwa mwanga, kama una mikwaruzo au umepinda. Aibonyeze shokapu bila springi. Upinzani uwe sawa mwanzo mpaka mwisho, bila pengo. Aikamate kichwani na kuitikisa, kama inagonga. Asome namba ya modeli iliyobandikwa na kuilinganisha na orodha ya mtengenezaji. Namba ikiwa imefutika, bei nayo ifutike.

Swali kubwa zaidi la mtaji ni muda. Kila seti ya koilova inaingia kwenye aina moja ya gari au chache tu, kwa hiyo bidhaa hukaa rafuni ikimsubiri mtu mmoja. Katika mfano wetu faida ni asilimia 37.5 ya mtaji ikiwa seti zote zimeuzwa, na kama zimechukua mwaka mzima basi hiyo ndiyo faida ya mwaka. Mwenzako anayeuza bushi na linki za stablaiza kwa faida ya asilimia 15, akazungusha mtaji wake mara 6, amepata asilimia 90 hata bila kurudishia faida kwenye mzigo. Wateja wake ni pamoja na wale wale walioshusha magari.

Tazama pia umri wa magari yenyewe. Altezza ilikoma kutengenezwa mwaka 2005, na Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri zaidi ya miaka 8, ilikwisha kufungiwa mlango huo muda mrefu. Mark X ilikoma Desemba 2019, kwa hiyo za mwisho zinaufikia ukomo wa Kenya kati ya 2026 na 2027. Magari yaliyopo yataendelea kutembea na kuhitaji vifaa, lakini idadi haiongezeki. Anayejaza stoo koilova za Altezza leo anauza kwa kundi linalopungua kila gari moja linapopelekwa kwenye vyuma chakavu.

Kwa hiyo, anayeanza na mtaji mdogo afanye kazi ya oda: mteja aweke malipo ya awali, seti iagizwe kwa namba ya modeli ya gari lake, na fedha zake mwenyewe azielekeze kwenye shokapu mpya za kawaida, bushi, raba za kugotea na bolti za alaimenti, vitu ambavyo mwenye gari lililoshushwa na jirani yake asiyeshusha wote watavihitaji. Mteja akija kuchukua oda, mpe na kazi moja ya kufanya kabla fundi hajagusa gari: apime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, aandike namba nne, na arudie baada ya kufungiwa. Namba za kushoto na kulia zikipishana kuliko zilivyokuwa mwanzo, gari lisitoke gereji.